Baki na mgogoro, punguza kelele: msanii wa jukwaani anapoandikia kiwanda

SWALI: Mimi ni msanii wa jukwaani, nipo Nyakato, Mwanza. Kikundi chetu hufanya maigizo ya uhamasishaji minadani na mashuleni. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kimenipa kazi ya kuandika skripti ya video ya dakika sita, ya kuwafundisha wafanyakazi wapya usafi na utunzaji wa samaki kwenye barafu. Rasimu ya kwanza niliandika igizo: mfanyakazi mvivu, bosi mkali, mke analia nyumbani. Ikarudishwa, wakasema "hii ni Bongo Muvi". Ya pili nikaweka msimulizi anayesoma taratibu zote kumi na mbili. Ofisini wameipenda, ila nilipowasomea wafanyakazi watatu wakati wa chai, mmoja alishika simu kabla sijafika utaratibu wa nne. Je, ujuzi wangu wa jukwaa una nafasi kwenye kazi hizi au nijifunze upya? Na je, wafanyakazi waigize wenyewe au nilete wasanii wangu?

JIBU: Dada, hongera kwanza kwa kuwasomea wale watatu. Wengi hawafanyi hivyo. Wanapeleka rasimu ofisini, wanapata "iko vizuri", wanapiga picha, na video inaishia kwenye flashi ya afisa rasilimaliwatu. Aliyeshika simu amekupa maoni ya bure, tena ya kweli kuliko yote uliyopata ofisini.

Ujuzi wako una nafasi, na usijifunze upya. Tatizo ni kwamba rasimu yako ya kwanza ilikuwa na vitu viwili vilivyoshikana: mgogoro na kelele. Ofisi ililalamikia kelele. Wewe ukatupa vyote viwili, ukabaki na orodha.

Kelele ni mke kulia, bosi kufoka, mvivu kutembea kama amelewa. Mnadani unazihitaji, maana watu wamesimama juani, ng'ombe wanapita, na aliye nyuma asipouona mkono wako umepanda juu hajui kinachoendelea. Kamera iko karibu na uso wa mwigizaji kuliko hata mwenzake anayeigiza naye. Kope ikishuka, inaonekana. Kwa hiyo ukubwa wote ule unapunguzwa mpaka unabaki mtu wa kawaida kazini kwake. Ila kile kilichokuwa kinamfanya bosi afoke, yaani watu wawili wanaotaka vitu visivyoweza kupatikana vyote kwa wakati mmoja, hicho kinabaki. Bila hicho hakuna anayekusikiliza, awe mnadani au kwenye chumba cha mafunzo chenye kiyoyozi.

Wewe upo Usukumani, unayajua mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na kwa desturi anayeshinda ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana wachezaji wa zamani walibuni kila aina ya mvuto, nyoka akiwemo. Mchezaji anaona palepale watu wanapomkimbia, anabadilisha. Kwenye video ya kiwanda umenyimwa hiyo faida. Mtazamaji amekalishwa kwenye kiti, jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio, hawezi kuondoka kwa miguu. Anaondoka kwa macho, na wewe haupo kumwona. Kazi yote ya kujua watu wataondoka wapi lazima ifanyike kabla kamera haijawashwa, na ndicho ulichoanza kukifanya pale kwenye chai bila kujua.

Halafu kuna jambo ambalo jukwaani hatulizoei: una watazamaji wa namna mbili ambao hawatakaa chumba kimoja. Kuna anayelipa na kuna atakayetazama. Rasimu ya kwanza uliwaandikia watu wa mnadani, ya pili ukaiandikia ofisi. Mtu wa zamu ya usiku bado hujamwandikia.

Kwa hiyo rudi kwa mteja kabla ya rasimu ya tatu. Usimuulize "mnataka kusema nini", maana hapo ndipo taratibu kumi na mbili zinapotoka. Muulize hivi: mfanyakazi akishatazama video hii, akirudi kwenye zamu yake afanye nini ambacho leo hafanyi? Halafu, na hapa ndipo penye kazi: kwa nini leo hafanyi?

Nusu ya kwanza watakujibu haraka. Wanawe mikono, wapime joto la samaki, wasiweke kreti sakafuni. Nusu ya pili watakuambia "ni uzembe tu". Usilipokee jibu hilo. Wewe ni mwigizaji, unajua uzembe hauigiziki. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Moscow ambaye mbinu zake zimezunguka dunia, aliwafundisha waigizaji watafute mhusika anataka nini sasa hivi na kitu gani kimekaa mbele yake. Hakuna mtu anayevaa gambuti asubuhi akitaka kuwa mzembe. Anataka kumaliza mapema, anataka asigombane na dereva, anataka awahi chakula kabla foleni haijawa ndefu. Hayo yanaigizika.

Omba kibali, uvae aproni na kofia kama wengine, usimame zamu moja nzima: sehemu ya kupokelea samaki, kwenye meza za kukatia minofu, na mlangoni pa kunawia. Usihoji mtu. Tazama mikono inasita wapi. Labda utakuta sinki ni moja, watu ni wengi, na dakika za mapumziko zinaliwa na foleni. Hapo umeshapata mgogoro wako bila kubuni chochote: mtu anataka kurudi kwenye meza kabla hajaandikiwa kuchelewa, na kanuni inataka asimame foleni. (Wakati mwingine ukimweleza meneja ulichokiona, anagundua kwamba anachohitaji ni fundi bomba. Hilo likitokea usinung'unike, ila dai malipo ya ushauri.)

Hii si njia ngeni kwako wala kwa mkoa wako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya mradi wa sanaa shirikishi Malya, Kwimba. Walikaa na wanakijiji, wakakusanya matatizo kutoka kwao, wakatengeneza michezo pamoja nao, na baada ya onyesho wakakaa kujadili. Kiwanda ni kijiji chenye geti. Utaratibu uleule unafaa: kusanya, tengeneza, onyesha, jadili. Hilo la kujadili nitalirudia, maana watu wa video hulisahau kabisa.

Sasa tuandike kipande kimoja. Skripti za aina hii kwa kawaida huandikwa kwa safu mbili, picha kushoto na sauti kulia, ili mpiga picha na mtu wa sauti kila mmoja aone lake. Chukua sehemu ya kupokelea. Kwenye rasimu yako ya pili msimulizi anasema: "Ni wajibu wa mpokeaji kuhakikisha joto la samaki linapimwa kwa usahihi kabla ya kupokelewa." Hiyo ni sentensi ya ubao wa matangazo. Mimi ningeandika hivi:

PICHA: Alfajiri. Gari kutoka mwaloni limerudi kinyumenyume hadi mlangoni. Dereva anashuka, anatazama saa kwenye simu.
SAUTI: Injini. Haijazimwa.

PICHA: Mpokeaji, binti, aproni bado mpya. Anachomeka kipimajoto kwenye sangara wa juu kabisa. Kinasoma 2.
SAUTI: DEREVA: Si umeona? Saini, twende.

PICHA: Mkono wake uko kwenye karatasi ya mapokezi. Kalamu haijagusa. Anaiweka chini. Anasogeza samaki wa juu, anaingiza mkono mpaka chini ya kreti. Huko hakuna barafu.
SAUTI: DEREVA: Dada, nina tripu nyingine.

PICHA: Kipimajoto ndani ya sangara wa chini. Namba inapanda, inasimama: 9.
SAUTI: Injini tu.

Hesabu maneno yaliyosemwa. Hayafiki kumi, na dereva pekee ndiye aliyeyasema. Lakini mtazamaji ameshajua kwamba barafu huwekwa juu kumridhisha mpimaji, kwamba samaki wa juu na wa chini hawana joto moja, na kwamba samaki anatakiwa akae karibu na nyuzi 0, joto la barafu inayoyeyuka. Kama hilo la mwisho halijui, namba 9 na uso wa yule binti vinamwambia kuna kitu hakipo sawa, na msimulizi anaweza kulitaja kwa sentensi moja. Sentensi moja tu.

Zaidi ya hapo, pale kwenye 9 simamisha video. Kweli, isimame. Weka maandishi mafupi, "Wewe ungefanya nini?", na umwachie mkufunzi wa kiwanda dakika kadhaa za kuwauliza wageni wake. Mwongozaji wa Brazil, Augusto Boal, alijenga aina nzima ya tamthilia juu ya kusimamisha onyesho na kuwakabidhi watazamaji. Kikundi chenu bila shaka mnafanya kitu cha jinsi hiyo mnapouliza "wananchi mnasemaje?" Ofisini utakapolipendekeza watafurahi kuliko unavyodhani, kwa sababu video ya dakika sita itawapa somo la nusu saa kwa bei ileile.

Kuhusu wahusika. Mvivu wako na bosi wako mkali kila mmoja ana tabia moja tu, na mfanyakazi mgeni akimwona mvivu anacheka na kusema "huyo si mimi". Unakumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI? Michezo ya mtindo ule hupangwa kwa wahusika wa aina tatu: anayefuata njia nzuri, anayefuata njia mbaya, na anayeyumba katikati mpaka achague. Msikilizaji hujifunza zaidi kutoka kwa yule wa katikati, maana ndiye anayefanana naye. Redio ilikuwa na vipindi vingi vya kumtembeza kila mmoja wao. Wewe una dakika sita, basi watupe wa pembeni wote wawili na ubaki na wa katikati. Binti mwenye kalamu ndiye huyo. Anaweza kusaini. Anataka kusaini, kwa kweli. Dereva anamjua, na foleni ya magari inaongezeka.

Sasa tatizo la bosi. Bosi atataka kuonekana. Usimkatalie, atakunyima kazi na tena ana haki, video ni ya kwake. Jukwaani mtu akipewa nafasi bila kitu cha kutaka anakuwa pambo, na bosi anayesema "usafi ni kipaumbele chetu" ni pambo la suti. Mpe kitu cha kupoteza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwenye soko lake kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na miaka miwili iliyotangulia kulikuwa na vizuizi vingine vya mambo ya usafi na kipindupindu. Viwanda vya kanda hii vilikuwa vimejengwa kwa kutegemea soko hilo. Kama kiwandani bado yupo mtu aliyekuwa kazini wakati ule, awe meneja au fundi wa mitambo ya baridi, mkalishe mbele ya kamera umuulize kitu kimoja: siku ile mlipoambiwa samaki hawaendi, ulikuwa wapi, na ulifanya nini? Chukua sekunde thelathini za jibu lake. Ziweke baada ya ile 9. Bosi anaweza kumalizia kwa sentensi mbili, na zitakuwa na uzito kwa sababu kuna mtu ameshatuonyesha uzito unatoka wapi.

Kwenye mazungumzo una tabia moja ya jukwaani ya kuacha. Tunazoea kutangaza kinachoonekana: "Lo, yule si msimamizi anakuja?" Kwenye video msimamizi anaonekana anakuja. Pitia rasimu yote, kila sentensi inayorudia kilichopo kwenye picha ifute, hata kama ni tamu. Hasa kama ni tamu. Zinazobaki zisome kwa sauti huku saa inatembea, kwa mwendo wa mtu anayezungumza, na uache nafasi za kimya. Kiswahili kina maneno marefu. Mimi kwa msimulizi hukadiria maneno 100 hivi kwa dakika, na nikivuka hapo najua mtu wa sauti atakimbizana na picha. Namba ndizo zinazoiba muda kimyakimya: sh 1,875,000 kwenye karatasi ni kitu kidogo, lakini mdomoni ni "shilingi milioni moja laki nane na elfu sabini na tano", na ilipofika mwisho mtazamaji ameshasahau mwanzo. Namba kubwa zote zihamie kwenye picha. Msimulizi aseme "karibu milioni mbili" na aendelee.

Taratibu zako kumi na mbili nazo usizitupe. Ziende kwenye karatasi ya kubandika ukutani na kwenye kitabu cha mafunzo. Video ibebe mbili au tatu zile ambazo watu wanazijua na hawazifuati. Wakikung'ang'ania ofisini kwamba zote zimo au hakuna, pendekeza video fupi nne za dakika moja na nusu, kila moja mahali pake na mgogoro wake. Zinafaa hata kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la zamu. Na zipo kazi ambazo hazihitaji sanaa yako hata kidogo: namna ya kuzima mashine ya kufungashia, njia ya kutokea moto ukizuka. Hizo onyesha hatua kwa hatua, kwa ukaribu, bila mhusika na bila muziki. Mtu anayetafuta kitufe chekundu asisubiri hadithi.

Umeuliza kama wafanyakazi waigize wenyewe. Changanya. Mikono yote iwe ya wafanyakazi. Mkata minofu wa kweli anashika kisu kwa namna ambayo msanii wako hataipata hata mkifanya mazoezi mwezi mzima, na wafanyakazi wakiona kisu kimeshikwa vibaya hawaamini kitu kingine chochote ndani ya video. Wanaofanya sawasawa pia wawe wafanyakazi, wajichagulie maneno yao. Ukiwaandikia sentensi, waambie maana tu halafu funga karatasi, ukisikia lafudhi ya Kisukuma iache ilivyo. Lakini anayekosea awe msanii wako. Video hii itatazamwa miaka, na mfanyakazi aliyeigiza kusaini kreti bovu ataitwa "Tisa" mpaka atakapostaafu. Dereva wetu pale juu awe wa kikundi chako, na binti kama ana kishawishi cha kusaini naye awe wako, ila afundishwe kuchomeka kipimajoto na mpokeaji wa kweli.

Mazoezi ndiyo silaha yako ambayo kampuni nyingi za video hazina. Wao hufika na kamera asubuhi na kuanza kupiga. Wewe omba siku moja kabla, bila kamera, palepale kwenye mlango wa kupokelea, wakati hakuna gari. Tembeza onesho lote kwa miguu. Utagundua kwamba dereva akisimama pale ulipomwandika anaziba mwanga, na kwamba kelele za mitambo ya baridi hazimruhusu mtu kunong'ona. Ni bora kuyajua hayo kabla hujamlipa mpiga picha, na kabla kiwanda hakijasimamisha kazi kwa ajili yako.

Bado kuna skripti kupitishwa na ofisi. Rasimu ya tatu usiitume kwa barua pepe. Skripti nzuri ya video inaonekana maskini kwenye karatasi: "Injini tu" haimwambii kitu mhasibu, atadhani umesahau kuandika. Omba dakika ishirini, ukawasomee mwenyewe mezani, ukifanya sauti zote, ukinyamaza pale penye kimya. Ukifika kwenye 9 nyamaza kweli, utazame nani anataka kusema kitu. Anayesema "sasa akasaini?" ndiye atakayekutetea kikao kitakapoendelea bila wewe. Hakikisha meneja uzalishaji, mtu wa ubora na mtu wa fedha wote wamo chumbani kwa siku moja, maana wakisoma kwa zamu utapata marekebisho ya aina tatu yanayopingana. Na kwenye mkataba, kabla hujafungua mdomo, iwe imeandikwa kwamba nusu ya malipo imeshalipwa na kwamba marekebisho ni mara mbili. Ya tatu yana bei yake.